Mwandiko wa mtu aliye hai: historia ya barua za mkono mashariki mwa Kongo

Kabla Kongo haijapata posta, ilikuwa tayari na barua. Katika miaka ya 1870 na 1880, Kasongo, Nyangwe na Kabambare, ambazo leo ziko katika jimbo la Maniema, zilikuwa vituo vya wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa waliotoka Zanzibar na pwani. Watu hao walikuwa na jamaa, washirika na wadai wao huko Ujiji, Tabora na Unguja, na habari zilipita kati yao kwa karatasi. Barua iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, mara kwa lugha ya Kiarabu, mara kwa Kiswahili, ikakunjwa, ikakabidhiwa mtu wa miguu. Tembre haikuwepo, wala ofisi. Aliyetuma alimtegemea mchukuzi, na mchukuzi aliitegemea njia. Kutoka mto Lualaba hadi pwani ilikuwa safari ya miezi.

Baadhi ya karatasi hizo zipo hadi leo, ila haziko Kasongo. Ziko Ubelgiji, katika nyaraka zilizochukuliwa na maofisa wa mfalme Leopold II wakati wa vita vyao na wafanyabiashara hao, na miaka iliyofuata. Xavier Luffin, mwalimu wa chuo kikuu huko Bruxelles, amezisoma na kuzichapisha: barua, mapatano, maandiko ya Kiarabu na ya Kiswahili ya kati ya 1880 na 1899. Wakongomani wengi wanadhani kwamba kuandika kulikuja na shule ya misioni. Karatasi hizo zinasema vingine. Kiswahili cha Kongo kilikuwa kinaandikwa kabla ya padri wa kwanza kufungua darasa Maniema, hata kama walioandika walikuwa wachache na kazi ya wengi wao ilikuwa ni kuuza watu. Hilo la mwisho halifai kusahauliwa kwa sababu tu mwandiko ni mzuri.

Mgeni mmoja aliyeishi kati yao aliacha mfano ambao kila mtu aliyewahi kukosa karatasi ataufahamu. David Livingstone, Mskochi, alikwama Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, akiwa na vidonda vya miguu na bila vifaa. Karatasi zilikwisha. Akaanza kuandika juu ya magazeti ya zamani, akikatisha mistari iliyochapwa kwa mistari yake mwenyewe. Wino nao ukaisha, akatumia rangi ya mmea wa kienyeji. Mwezi wa pili wa 1871 aliandika kutoka hapo barua ndefu kwa rafiki yake Horace Waller huko Uingereza. Barua hiyo imehifadhiwa, na wino wake umefifia kiasi kwamba wataalamu wa siku zetu wamelazimika kutumia picha za mwanga maalumu ili kuisoma.

Si zote zilizopata bahati. Barua zake zipatazo 40, alizoziandika Ujiji mwaka wa 1869 na kuwakabidhi watu wa msafara kwenda pwani, hazikufika. Wafanyabiashara waliogopa yale ambayo huenda aliyasema juu yao. Na walikuwa na sababu ya kuogopa. Tarehe 15 mwezi wa saba 1871, Livingstone alikuwa sokoni Nyangwe watu wa wafanyabiashara hao walipofyatua bunduki katikati ya soko. Mamia waliuawa kwa risasi au kwa kuzama mtoni Lualaba, wengi wao wanawake waliokuja kuuza samaki, mihogo na vyungu. Aliandika aliyoyaona. Safari hii maandishi yalifika London, yakasomwa na umma, yakaongeza nguvu ya wale waliotaka biashara ya watumwa ifungwe. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka wa 1873. Ushahidi wa wanawake wa Nyangwe ulisafiri hivyo, katika mfuko wa mtu wa miguu.

Barua iliyokwenda upande wa pili ina kisa chake pia. Henry Morton Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwezi wa kumi na moja 1871, alikuwa amebeba mfuko wa barua ulioandikwa tarehe 1 mwezi wa kumi na moja 1870. Mwaka mzima mfuko huo ulikuwa njiani, sehemu ya muda huo ukilala karibu na Tabora. Stanley anasimulia kwamba mzee huyo aliuweka mfuko magotini, akaufungua, akasoma barua moja au mbili za watoto wake huku uso ukichangamka, kisha akaziacha nyingine na kuomba kwanza asimuliwe habari za dunia. Aliyekaa miaka bila barua hana haraka ya kuzimaliza zote siku moja.

Posta yenyewe iliingia kwa mlango wa magharibi. Mwezi wa kwanza 1886, Dola Huru ya Kongo ya Leopold II ilijiunga na Umoja wa Posta wa Dunia na kutoa tembre zake za kwanza. Zilikuwa na kichwa cha mfalme ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo hata siku moja. Ofisi za kwanza zilikuwa upande wa bahari, Banana na Boma. Kutoka Matadi kwenda Léopoldville, mifuko ya posta ilibebwa vichwani na wapagazi kupitia milima, mpaka reli ilipomalizika mwaka wa 1898. Walioandika barua hizo walikuwa karibu wote wageni: maofisa, wamisionari, wafanyabiashara. Walizibebesha Wakongomani waliozuiliwa kuzisoma kwa sababu hakuna aliyewafundisha.

Hali iligeuka polepole, na migodi ndiyo iliyoigeuza zaidi. Tangu miaka ya 1920, kampuni ya Union Minière ilichukua wafanyakazi kutoka mbali kwenda Katanga: Kasai, Maniema, hata Rwanda. Kijana aliyeondoka kwao kwa mkataba wa miaka aliacha mzazi, pengine mke. Misioni nazo zilikuwa zimeanza kufundisha kusoma. Hapo barua ya Mkongomani ikazaliwa: karatasi ya daftari yenye mistari, iliyoandikwa Jumapili mchana, mara nyingi na mtu mwingine kuliko mwenye habari. Karani wa jirani au mwanafunzi wa darasa la tano alikaa, mwenye barua akasema, kalamu ikafuata. Kule kijijini nako hali ilikuwa ile ile. Mama alipokea bahasha, akaigeuza mara mbili tatu, akamwita mtoto aliyejua kusoma. Kwa hiyo barua ya Kongo haikuwa sana kitu cha kusomwa kimya na mtu mmoja. Ilisikilizwa. Uwanja mzima ulikusanyika, na salamu zilipofika kwa mtu, alijibu pale pale kana kwamba mwandishi yuko mbele yake.

Ndiyo sababu barua hizo zilijaa salamu. Mgeni akisoma barua ya zamani ya Kiswahili ataona nusu ya ukurasa ni majina: msalimie fulani, na fulani, na mama wa fulani, na majirani wote wanaoniuliza. Ataona ni kupoteza karatasi. Lakini kila jina lilikuwa la mtu aliyekuwa amesimama pale akingoja kulisikia, na aliyesahauliwa aliikumbuka hiyo barua kwa miaka. Habari yenyewe, fedha, ugonjwa au mahari, ilikuja mwishoni, mistari miwili mitatu, baada ya "hali yangu ni njema, wasiwasi ni kwenu".

Kitu kingine kilichoipa barua ya Kongo sura yake ni sanduku la posta. Hakuna mtu wa posta aliyezunguka nyumba kwa nyumba vijijini. Barua zilifika kwenye B.P., na B.P. ilikuwa ya parokia, ya shule, ya kampuni au ya ofisi ya serikali. Mwandishi aliandika jina la mtu, halafu "kwa mkono wa" padri, mwalimu au karani fulani. Hivyo barua ya mtu mdogo ilipita daima mikononi mwa mtu mkubwa. Ilisomwa na wengine? Mara nyingine ndiyo. Watu walijua, wakaandika kwa mafumbo.

Mmoja wa waliosimama nyuma ya dirisha la posta katika miaka hiyo alikuwa Patrice Lumumba. Wengi wanamkumbuka kwa hotuba ya tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Kabla ya hapo alikuwa karani wa posta Stanleyville, leo Kisangani, kwa takribani miaka 11. Mwaka wa 1947 alipelekwa katika shule ya posta ya Léopoldville. Aliongoza chama cha wafanyakazi Wakongomani wa posta wa jimbo lake na kuandika katika jarida lao, L'Écho postal. Mwaka wa 1956 alikamatwa kwa kosa la kuchukua fedha za posta, akafungwa, akatoka 1957. Mtu wa namna hiyo alijua barua ni nini: alikuwa ameona maelfu yao, za matajiri na za maboi, zikipimwa kwenye mizani ile ile.

Alipofungwa tena, mwishoni mwa 1960, katika kambi ya kijeshi ya Thysville, ambayo leo ni Mbanza-Ngungu, silaha iliyobaki mkononi mwake ilikuwa karatasi. Tarehe 4 mwezi wa kwanza 1961 alimwandikia mjumbe wa Umoja wa Mataifa, Rajeshwar Dayal, akieleza hali mbaya ya wafungwa. Kisha kuna ile aliyomwandikia mke wake, Pauline Opango, ambayo imetafsiriwa katika lugha nyingi. Karani huyo wa zamani hakuweza kutumia posta hata kidogo. Barua zilitoka jela kwa siri. Tarehe 17 mwezi huo huo alipelekwa Katanga na kuuawa. Mwili wake uliharibiwa ili pasibaki kitu. Familia ilirudishiwa jino moja mwaka wa 2022. Kwa zaidi ya miaka 50, maneno ya barua ndiyo yaliyokuwa kaburi ambalo Pauline aliweza kulitembelea. Mwenyewe alifariki 2014, kabla ya jino kurudi.

Baada ya uhuru posta iliendelea kufanya kazi kwa miaka kadhaa, nzuri kuliko vijana wa leo wanavyoweza kuamini. Wazee wa Goma na Bukavu wanajua kwamba barua iliweza kutoka Kinshasa ikafika kwa ndege na kungoja kwenye sanduku. Taabu ilikuwa anwani. Mwaka wa 1966 miji ilibadilishwa majina. Mwaka wa 1971 nchi yenyewe ikawa Zaïre, na mwaka uliofuata majina ya ubatizo ya kizungu yakakatazwa. Aliyekuwa Joseph wa Élisabethville, nchini Kongo, akawa mtu mwingine wa Lubumbashi, nchini Zaïre, bila kuhama nyumba. Makarani wa posta ambao walijua majina ya zamani na mapya walikuwa na thamani kuliko kitabu chochote cha anwani.

Kilichoiua posta hakikuwa simu. Ilikuwa ni fedha. Katika miaka ya 1980 mishahara ya wafanyakazi wa serikali ilibaki jina tu. Karani asiyelipwa anaiangalia bahasha nene kwa macho mengine. Watu walijifunza kutoweka noti ndani ya barua, kisha wakajifunza kutoweka picha, kisha wakaacha kutuma. Bei zilipanda hata tembre zikapigwa mihuri ya thamani mpya juu ya ile ya zamani. Mwisho wa 1992 serikali ilitoa noti ya zaïre 5 000 000. Mwaka wa 1993 fedha zilibadilishwa, na zaïre mpya moja ikawa sawa na 3 000 000 za zamani. Katika miaka hiyo palikuwa na uporaji wa mwezi wa tisa 1991 na wa mwezi wa kwanza 1993. Majengo ya posta yalibaki yamesimama katikati ya miji, makubwa, na masanduku ya chuma ukutani yasiyo na kitu ndani.

Barua haikufa pamoja na posta. Ilirudi ilikotoka, kwa mtu wa miguu. Wakaaji wa Kivu walisimama uwanja wa ndege asubuhi wakitafuta sura ya mtu mwaminifu kati ya abiria. Walimpa dereva wa kamyo ya kwenda Butembo au Kisangani, mama mwuzaji aliyepanda bato la Bukavu, sista aliyerudi shule yake. Bahasha iliandikwa "kwa mkono wa" kama zamani, ila sasa jina lililofuata lilikuwa la msafiri. Kwa habari za haraka ilikuwapo foni, ile redio ya mawimbi mafupi ambayo mtu alilipa, akakaa mbele ya mashine, akasema kifo au ugonjwa mbele ya foleni yote, akimaliza kila sentensi kwa kumpa mwenzake zamu. Foni ilifaa kwa kusema "njoo". Kwa lolote linaloona haya, watu walingoja msafiri.

Kuna ushahidi mmoja wa pekee wa jinsi watu wa kawaida walivyoandika katika miaka hiyo ya mwisho wa Zaïre. Mtu mmoja wa Katanga, aliyewahi kufanya kazi kwa mama mmoja Mbelgiji, alimwandikia kwa mkono, kwa Kiswahili cha Shaba, habari za maisha yake yote. Hakuziandika mara moja. Aliziandika mara tatu katika muda wa miaka kadhaa. Mtaalamu wa lugha Jan Blommaert alizichunguza katika kitabu alichokitoa 2008, akificha jina la mwandishi. Maneno yameandikwa kama yanavyosikika, hayafuati kamusi, na mtu wa Dar es Salaam angeyasahihisha kwa kalamu nyekundu. Hata hivyo ni maisha mazima, kijiji kwa kijiji na kazi kwa kazi, ambayo hakuna ofisi ya serikali iliyojali kuyaandika.

Kisha vita. Mwezi wa saba 1994, katika siku chache, karibu watu milioni moja kutoka Rwanda waliingia Goma, kipindupindu kikawafuata. Maelfu ya watoto walikuwa bila wazazi, wengine wadogo mno kujua jina la kijiji chao. Huo ndio wakati karatasi moja ya aina ya pekee ilipojulikana kila mahali Kivu: ujumbe wa Msalaba Mwekundu.

Karatasi hiyo ina historia ndefu kuliko vita vya Kivu. Ofisi ya kutafuta waliopotea na kupeleka habari zao ilianza na vita vya Ufaransa na Ujerumani mwaka wa 1870. Wakati wa vita kuu vya pili vya dunia ilipeleka zaidi ya ujumbe milioni 20 wa raia. Hata Wabelgiji wa Kongo walizitegemea: nchi yao ilipotekwa na Wajerumani mwezi wa tano 1940, njia ya posta ilikatika, na bwana mkubwa wa Léopoldville alijikuta akihesabu maneno kwenye fomu ili mama yake huko Liège ajue yuko hai. Kuhesabu, kwa sababu ruhusa ilikuwa maneno 25. Hesabu hiyo iliingia hata katika sheria. Kifungu cha 25 cha Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 kinasema kwamba kila mtu aliye katika nchi yenye vita lazima aweze kuwapa jamaa zake habari za kifamilia, popote walipo, na kupokea zao. Pale ambapo wenye vita wanaona ni lazima kuweka mipaka, hawawezi kupunguza chini ya fomu moja kwa mwezi yenye maneno 25 ambayo mwandishi mwenyewe ameyachagua.

Maneno 25 ni machache, ila mtu wa Kiswahili amependelewa hapo. Mfaransa anahitaji maneno matano au sita kusema "sijakusahau". Sisi tunatumia moja. Ujumbe kama huu unaenea: "Mama, niko hai. Watoto wote wako nami. Baba yao sijui alipo. Tulikimbilia kwa shangazi. Mvua ilituharibia godoro tu. Ukipata karatasi hii, nijibu. Sijakusahau. Salimia wote." Ni 25, hesabu mwenyewe.

Huku Kongo fomu za siku za karibuni hazina ukali huo wa hesabu. Zina sharti jingine: habari za familia tu. Hakuna siasa, hakuna jeshi, hakuna nani amepita na bunduki ngapi. Karatasi haifungwi, inabaki wazi, kwa kuwa inavuka vizuizi vya pande zote na kila upande lazima uamini kwamba haibebi siri. Wengine wanaona aibu kuandika mambo ya nyumbani kwenye karatasi isiyofungwa. Wazee hawashangai. Barua zao zilisomwa daima na mtu mwingine.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuja kati ya 1998 na 2003. Nchi ilikatwa vipande: Kinshasa upande mmoja, Goma na waasi wake upande mwingine, Kaskazini mwa Equateur na wengine. Ndege za kawaida kati ya pande hizo zilisimama. Wanafunzi wa Kivu waliokuwa Kinshasa walikaa miaka bila kusikia sauti ya mzazi. Waliotaka kuvusha habari walikuwa na njia chache sana, na iliyo ya wazi kuliko zote ilikuwa karatasi ya Msalaba Mwekundu. Wajumbe wa CICR waliivusha mstari wa mbele wa vita, halafu vijana wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wa Kongo wakaichukua kwa baiskeli, kwa mtumbwi au kwa miguu, kijiji hadi kijiji, wakiuliza. Mwenye jina asipoonekana, majina yalitangazwa: kanisani, sokoni, kwenye ubao. Redio nayo ilisaidia. Idhaa ya BBC iliyoanzishwa 1994 kwa Kinyarwanda na Kirundi iliitwa Gahuzamiryango, maana yake inayounganisha familia, na ilikuwa ikisoma majina ya watu wanaotafutwa. Mwezi wa pili 2002 Radio Okapi ikafunguliwa, na kwa mara ya kwanza tangu vita kuanza sauti moja ikasikika pande zote.

Mwaka huo huo wa 2002 Vodacom iliingia Kongo. Celtel ilikuwa imeshaanza. Katika miaka michache foni zilifungwa moja moja, na msafiri wa uwanja wa ndege hakuombwa tena kubeba bahasha. Nani angeandika barua wakati kadi ya muda wa maongezi inauzwa kila kona? Mambo mengi yalipata nafuu, na asiyekubali hilo amesahau foleni ya foni. Lakini simu ina mlango mmoja tu, ni namba. Mtu anayekimbia usiku anaacha simu kwenye chaji, au anaibiwa njiani, au anaiuza apate chakula. Namba 30 alizokuwa nazo zilikuwa ndani ya simu. Kichwani hana hata moja. Na anayempigia anasikia sauti ya mashine isemayo mteja hapatikani, sauti isiyotofautisha kati ya betri iliyoisha na kifo.

Hilo limeonekana tena tangu vita viliporudi Rutshuru mwishoni mwa 2021, na zaidi baada ya mapigano kufika Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi uliofuata. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Kambi zilizozunguka mji zilivunjwa mwezi wa pili 2025, na mamia ya maelfu ya watu wakatawanyika, wengine wakirudi vijijini ambako nyumba haipo, wengine wakiingia kwa jamaa. Kambi ni mahali pabaya pa kuishi, lakini ilikuwa na jina, ilikuwa na bloku na kiongozi wa bloku, na mtu aliweza kuulizwa hapo. Ilipovunjwa, anwani za watu hao wote zilifutika kwa siku chache.

Mwandiko una kitu ambacho ujumbe wa simu hauna. Watu wa Kivu wamejifunza kutoamini ujumbe wa simu unaosema "Mama, ni mimi, nimepoteza simu, nitumie franga kwenye namba hii". Wezi wameutumia mno. Karatasi iliyoandikwa kwa bic na mtoto ni kitu kingine: mama anaijua ile herufi inayoinama, lile kosa la tahajia ambalo mwalimu alishindwa kuliondoa. Hata asiyejua kusoma anajua jinsi mwanawe anavyobonyeza kalamu. Ndiyo maana karatasi hizo hutunzwa pamoja na kadi ya uchaguzi na cheti cha shule, ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa tumboni wakati wa kukimbia. Mtoto akiwa hajui kuandika, humwambia mwenye kujitolea maneno, kama zamani mgodini, halafu anachora kitu chini.

Fomu inayojazwa leo ni ya bure, na asiyejua kuandika huandikiwa. Namba ya simu inaulizwa, lakini si jambo la kwanza. Kwanza jina kamili. Halafu jina la baba na jina la mama, kwa sababu wenye jina moja ni wengi katika kila usultani. Kijiji cha asili, na alama ya karibu: shule, kanisa, mto, duka la nani. Mahali mlipoonana mara ya mwisho, na mwaka. Na kuna jina ambalo wengi hulisahau kuliandika, ingawa ndilo linalomfanya mtu ageuke likiitwa sokoni: jina alilokuwa akiitwa nyumbani.